Ilianza na Wengu

Mwaka ule shule ya sekondari ya mji wa Halvor haikununua vyura. Fedha zilikwenda kwenye ubao mpya wa matokeo katika uwanja wa mpira, ubao mkubwa kama ukuta wa ghala, unaowaka rangi tatu, na Verlyn Haugstad, mwalimu wa baiolojia, akabaki na madarasa manne ya watoto, droo iliyojaa visu, na hana cha kupasua.

Habari hiyo aliipata kwenye mkutano wa walimu, Jumatatu baada ya masomo, katika ukumbi wa chakula uliokuwa bado unanuka samaki wa mchana. Mkuu wa shule, Bi Coyle, aliitaja kati ya suala la maegesho na suala la panya. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye haraka, mtu wa Arizona, na huko Minnesota alikuwa hajamaliza hata mwezi.

Verlyn akasema anaelewa. Akasema namna itapatikana. Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kirefu na hakutaka mgeni ajisikie vibaya, akaongeza, "Ikibidi nitawatolea hata wengu wangu. Siutumii sana."

Sasa, ieleweke alisema nini. Halvor, mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akikukaribisha tena, unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu unakubali, nusu kikombe, na hapo ndipo kahawa humiminwa. Anayekubali mara ya kwanza ana uroho, na anayekaribisha mara moja tu hakuwa na nia. Ndivyo wanavyolelewa pale tangu babu zao walipotoka Norwei kuja kulima biti za sukari, na ndivyo Verlyn alivyoipata kazi yake yote. Akiwa bado kwenye mafunzo aliombwa abaki, azibe pengo la mzee aliyevunjika nyonga. Alikataa mara mbili, akabaki. Alipopewa kazi ya kudumu, vivyo hivyo. Baadaye mkuu wa zamani, mzaliwa wa pale pale, alimtaka awe naibu wake. Akamwomba mara tatu, na Verlyn akakataa mara tatu. Hapo mkuu akajua kwamba huyu amekataa kweli, na neno hilo halikurudi tena. Katika kazi ile njia ya kupanda ni moja tu, nayo inatokea nje ya darasa. Verlyn alipenda kubaki ndani.

Kwa hiyo Bi Coyle alipaswa kusema, hapana, Verlyn, hatuwezi kukuomba jambo kama hilo. Verlyn angesema si kitu. Bi Coyle angesema hapana tena, watu wangecheka kidogo kwa pua, na wengu ungebaki mahali pake.

"Vizuri sana," alisema Bi Coyle. "Asante. Hilo limekwisha." Akaingia kwenye panya.

Walimu wakatazama ndani ya vikombe vyao. Gordy Lindahl, mwalimu wa useremala, alimpiga Verlyn teke chini ya meza. Hakuna aliyemweleza Bi Coyle, maana kumweleza kungekuwa kumsahihisha, na mgeni hasahihishwi.

Jioni Verlyn alimsimulia mkewe, Ardis, aliyekuwa anamenya viazi.

"Kwa nini hukumwambia umetania?"

"Walikuwa wameshafika kwenye panya," alisema Verlyn.

Ardis aliona hiyo ni sababu ya kutosha, kwa kuwa na yeye ni wa Halvor.

Alhamisi, kipindi cha pili, Verlyn alivua koti la maabara, akalikunja, akapanda juu ya meza iliyo karibu na sinki. Alijifungua mwenyewe, chini ya mbavu za kushoto, kwa mkono uliozoea, huku akiwaeleza watoto kila tabaka analopita: ngozi, mafuta, msuli. Kwa mafuta aliomba radhi. Wengu ulitoka bila matata, wa zambarau, ukubwa wa ngumi, akauweka kwenye sinia. Mtoto mmoja alitapika, kama mmoja alivyotapika kila mwaka kwa vyura. Wengine walichora, wakaandika majina ya sehemu, na kengele ilipolia Verlyn alijifunga, akafunga na shati, akaenda kusimamia zamu ya chakula.

Mtihani wa jimbo ulipokuja, watoto wa Halvor walifanya vizuri kuliko kawaida. Bi Coyle alifurahi. Vuli iliyofuata alimkuta Verlyn kwenye mashine ya fotokopi, akamuuliza kama ana kitu kingine. Verlyn akasema labda kifuko cha nyongo, ila hadhani kama kitafaa, na asingependa kumsumbua mtu. Kwa mtu wa pale, hapo amekataa mara mbili kwa pumzi moja. Bi Coyle akasema kitafaa sana.

Kifuko cha nyongo kikatoka. Tangu siku hiyo Verlyn hakuwa na nyongo na mtu, jambo lililomsaidia mikutanoni. Baada yake likaja figo la kushoto. Baada ya figo, utumbo mwembamba.

Utumbo waliunyoosha kwenye korido, maana darasa halikutosha. Watoto waliushika kwa zamu, wakapita ofisi, wakapita kabati la vikombe vya mieleka, wakakata kona kuelekea ukumbi wa muziki. Aliyeshika ncha ya mbele alikuwa Hodan Warsame, msichana ambaye wazazi wake walifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja bata mzinga. Alipofika mwisho alirudi mpaka mezani alikolala mwalimu.

"Mwalimu, inauma?"

"Kidogo. Pale mlipokata kona."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnakwenda vizuri."

Hodan alimtazama. "Sisi nyumbani mtu akikanyagwa, anasema."

"Ni utaratibu mzuri," alisema Verlyn, akamwomba awaambie wenzake warudi polepole.

Naye Verlyn alipanda cheo, si kwamba hakupanda. Lilipotoka figo alifanywa mkuu wa idara ya sayansi. Idara ilikuwa na walimu wawili, na mwenzake aliacha kazi akaenda kuuza matrekta, kwa hiyo Verlyn alijiongoza mwenyewe, na kila muhula alijikagua darasani na kujiandikia maoni. Ulipotoka utumbo alitangazwa Mwalimu Bingwa wa wilaya. Alipewa cheti chenye fremu kilichoandikwa KWA KUJITOLEA, na kibao chenye jina lake kwenye maegesho, karibu na mlango. Neno la kwenye cheti halikuwa na uongo hata wa herufi moja.

"Bwana, wewe sasa umebaki kabati lenye tai," Gordy alimwambia.

"Nimebaki na ini."

"Basi ini usilitaje mbele ya yule mama. Hata ukila ini kantini, mwambie ni soseji."

Ini hakulitaja. Lililotajwa lilikuwa jingine. Bi Coyle aliingia chumba 114, darasa la Verlyn, asubuhi moja, akakaa juu ya dawati la mwanafunzi, akasema shule ya mji wa jirani imenunua moyo wa plastiki unaofunguka kama mlango, na watoto wetu wanaangalia picha. Aliumia kweli, kwa sababu aliwapenda watoto. Verlyn naye aliwapenda.

"Picha hazitoshi," alisema Verlyn. "Ningesema moyo, lakini..."

"Ndiyo," alisema Bi Coyle. "Hata mimi nilikuwa nauwaza huo huo."

Verlyn alikuwa ameitegemea ile lakini. Halvor, lakini moja yasimamisha treni.

Usiku ule Ardis hakumaliza chakula chake. Alikuwa ameoka nyama ya kusaga yenye viazi juu, na akawa anavipanga viazi ukingoni mwa sahani.

"Figo sikusema kitu," alisema. "Utumbo sikusema kitu, ingawa hujala kabichi tangu siku hiyo. Moyo ni wa nyumbani, Verlyn."

"Sikuwapa. Nilisema lakini."

"Kwa yule mama lakini ni tafadhali chukua."

Wakazungumza mpaka wakafikia mapatano. Moyo utakwenda shule Jumatatu na kurudi Ijumaa.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, lazima isemwe. Moyo ulikaa mezani kwenye sinia, unapiga, na watoto waliuwekea vidole. Verlyn alipanda ngazi za shule mbio mpaka juu na kushuka, na watoto walihesabu moyo unavyoenda kasi pasipo yeye kuwemo chumbani. Hakukuwa na somo bora kuliko hilo katika jimbo zima. Ijumaa aliutia kwenye kisanduku cha barafu alichozoea kubebea samaki, akauweka kiti cha mbele cha gari, na Ardis aliupokea mlangoni kwa kitambaa cha jikoni kilichopashwa moto. Jumapili usiku ulitoka tena.

Kisha akaja karani wa wilaya kuhesabu mali. Alibandika vibandiko kwenye viti, kwenye darubini, kwenye mapipa ya taka, na kwenye chupa ya kioo ambamo sasa moyo ulitunzwa akabandika kimoja pia. Chenye kibandiko hakitoki nje ya jengo, kwa sababu ya bima. Bi Coyle aliomba radhi. Verlyn alisema si tatizo. Akasema tena si tatizo. Moyo ukaingia kabatini na ufunguo ukaning'inizwa ofisini.

Tatizo lilikuwa joto. Ijumaa jioni shule hupunguza joto mpaka Jumatatu alfajiri, kubana matumizi. Moyo ulipoa kabatini, na Verlyn akapoa nyumbani. Jumamosi alikaa sebuleni na koti, mikono imekuwa baridi kama vijiko. Alikuwa na adabu ile ile, alisogeza kiti, aliosha vyombo, aliuliza habari za jirani. Ila alizisikiliza kama mtu anayesikiliza utabiri wa hewa wa mji asiokaa.

Dada yake Ardis alizikwa Jumamosi, mwezi wa Januari. Kanisani Verlyn alishika kitabu cha nyimbo na kuimba sauti ya pili bila kukosea. Alijua anapaswa kuhisi nini, kama unavyojua jibu la swali ambalo hukuulizwa. Aliwaza kuhusu matairi. Chini ya kanisa waliletewa kahawa na sandwichi za nyama ya nguruwe, naye alikataa mara mbili na kupokea ya tatu. Ndani ya gari, injini ikipata moto, Ardis alisema, "Dada yangu amekufa, Verlyn."

"Najua."

"Najua unajua."

Maneno hayo yalimkata Ardis maini, ingawa aliyesema ni yeye. Walikuwa wamefika karibu na nyumbani alipoongeza, "Ukistaafu, uurudishe."

"Nitaurudisha."

"Uwaambie. Kwa mdomo."

"Nitawaambia."

Kuanzia hapo Ardis alihesabu. Verlyn naye alihesabu, siku za kazi, wakati ana joto.

Mwaka wake wa mwisho alipewa mwalimu aliye mafunzoni amfundishe kazi, naye akawa Hodan, aliyekuwa amemaliza chuo Moorhead na kurudi na tabia yake ile ile. Alifundisha vizuri, kwa sauti, na hakuuliza swali mara mbili. Siku ya kwanza alipofungua kabati, aliushika moyo kwa mikono miwili na kumgeukia mwalimu wake.

"Huu unautaka au huutaki?"

"Watoto wanautumia."

"Sikuuliza watoto. Jizoeze, Mwalimu. Sema ninautaka. Ni neno moja tu."

Verlyn alifungua kinywa. Alisema kwamba mvua inaelekea kunyesha, na kweli ilinyesha.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika Ijumaa, mwezi wa Mei, ukumbi wa chakula. Palikuwa na kahawa, keki yenye chura wa krimu ya kijani, na nusu ya mji. Watu waliofundishwa na Verlyn walikuwa na vitambi sasa, na walipopita kumsalimu walimwambia, nilikushika figo mimi, au, ule utumbo niliushika pale kwenye ofisi. Gordy alitoa hotuba akasema shule inampa mkono mzee, na ikiwa Verlyn ana akili ataukataa, maana ikishika mkono hairudishi. Watu walicheka kwa pua. Ardis alikaa meza ya mbele, amevaa gauni la bluu, kitambaa cha jikoni kimekunjwa vizuri kwenye mkoba wake.

Bi Coyle alisimama mwisho. Alisema mazuri, na yote aliyaamini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akauliza waziwazi.

"Verlyn, na moyo je? Nimezungumza na watu wa bima. Kibandiko kinaweza kutolewa. Unautaka?"

Kila mtu pale alijua jibu, na kila mtu alijua kwamba jibu haliji sasa hivi.

"Ah, hapana, hapana," alisema Verlyn. "Watoto wanautumia."

Hiyo ilikuwa ya kwanza, imesemwa vizuri, kwa mkono mmoja umeinuliwa kidogo. Watu wakasubiri ya pili. Bi Coyle aliinamisha kichwa, akaanza kusema kwamba hajawahi kuona mtu mkarimu namna hii. Hapo ndipo Ardis aliposimama.

"Anautaka," alisema Ardis.

Hapa watu walishtuka. Katika miaka yote hiyo, ya wengu na figo na utumbo koridoni, Halvor haikuwahi kushtuka, lakini sasa kijiko kilianguka mahali fulani na hakuna aliyeinama kukiokota. Mke amesema mbele za watu kitu ambacho nyumba yake inakitaka. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Pale hawajawahi kuwa na wahenga wa namna hiyo.

"Ni kweli, Verlyn?" aliuliza Bi Coyle. Aliuliza kwa wema, akimtazama machoni.

Verlyn alihisi uso wake unawaka, na nyuma ya ukuta, chumba 114, moyo ulikuwa unagonga kioo cha chupa. Walioketi upande ule waliusikia. Alitaka kumtetea mkewe. Alitaka pia watu waache kumtazama mkewe.

"Hapana, hapana," alisema. "Anatania tu. Usijisumbue."

Hiyo ilikuwa ya pili. Alibaki amesimama, amefungua kinywa, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: basi, kama si usumbufu. Lilikuwa pale. Gordy aliliona. Hodan, karibu na mlango, alikuwa analisema kwa midomo bila sauti, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.

Bi Coyle alikuwa ameuliza mara mbili, na kwao Arizona mtu akiulizwa mara mbili ameheshimiwa. Alifuta machozi, alianza kupiga makofi, ukumbi ukafuata kwa kuwa kutopiga makofi ni kumsahihisha, na keki ikakatwa. Verlyn alifunga kinywa. Alipewa kipande chenye mguu wa chura.

Njiani kurudi Ardis aliendesha. "Alikuwa amebakiza mara moja tu," alisema Verlyn.

"Najua," alisema Ardis.

Kazi ya chumba 114 alipewa Hodan. Mwezi wa Agosti Bi Coyle alimuuliza yeye angependa kuchangia nini, na Hodan akasema hachangii kitu, nunueni vyura. Bi Coyle hakuchukia, alipenda mtu anayesema wazi. Akalipeleka ombi hilo kwa bodi ya shule. Bodi ikasema mbona vifaa vipo, tena vizima, vimetunzwa, na ikapitisha zulia jipya la ukumbi wa mieleka. Hodan alikwenda nyumbani kwa Haugstad akawapa habari yote. Alisema angeubeba moyo kwenye mkoba wake leo leo, lakini kabati sasa lina kamera na yeye ndiyo kwanza ameanza kazi, wazazi wake wanategemea bima yake ya matibabu. Verlyn alimwambia asifikirie jambo kama hilo. Hodan akamuuliza mara ya pili kama kweli, kisha mara ya tatu, kwa sababu alikulia pale. Mara ya tatu Verlyn alimsogezea kikombe. Alimwambia amalizie kahawa.

Septemba, Ardis alikwenda ofisini kwa Bi Coyle akasema anaweza kuja kuosha vyombo vya maabara, kama watu wanaojitolea wanavyofanya, kama haitakuwa usumbufu. Bi Coyle alikubali mara ya kwanza. Ardis alishukuru, na alimaanisha.

Sasa huenda Jumanne na Alhamisi. Huosha vioo, hukausha, kisha Hodan humfungulia kabati na kwenda kusahihisha kazi upande wa pili wa chumba. Ardis hukaa na ile chupa mapajani, ameizungushia kitambaa, na kuieleza habari: bei ya dizeli, ndoto, dada yake. Moyo hupiga. Nyumbani, wakati huo, Verlyn huvua koti, huketi dirishani, na mara nyingine hulia kidogo asijue ni habari gani aliyoambiwa. Ardis akirudi, Verlyn humuuliza umesema nini leo. Ardis humwambia tena, lakini inakuwa imeshapoa.

Ukihesabu, basi, kazi ile ilimgharimu Verlyn Haugstad wengu, kifuko cha nyongo, figo la kushoto, utumbo mwembamba wote isipokuwa kipande, na moyo. Ardis ilimgharimu mume. Alichobakiwa nacho ni asubuhi mbili kwa juma, muhula ukiwa wazi, kwa kuvaa beji ya mgeni ambayo hurudishwa ofisini kabla ya chakula cha mchana.